Mkaguzi Aliyekumbatia Mgomba

Mkaguzi wa shule alitokea bila barua, Julai ile ya 1971, akakuta darasa la sita ni madawati matupu. Wanafunzi walikuwa bondeni chini ya shule, kwenye migomba ya Mama Margaret, kila mmoja na mti wenye panda begani.

"Mwalimu Wakesho, hiki ni kipindi gani?" aliuliza mkaguzi, Bwana Ndambuki, alipowafikia bondeni, shati jeupe pe.

"Kiingereza, bwana."

Mwaka wa pili huu Wakesho alikuwa hajathibitishwa kazini, na fomu yake ilikuwa mkobani mwa mgeni huyu kutoka Voi. Lakini wiki nzima watoto walishindwa kutofautisha hold, prop na bear, yaani kushika, kutegemeza na kustahimili; kwao yote yalikuwa kushika tu. Ndipo akamwomba Mama Margaret, aliyekuwa mjane, shamba lake, akamwahidi kwamba kufikia saa sita kila mgomba wenye mkungu utakuwa umetegemezwa, maana upepo ulikuwa umeshaangusha minne.

Ghafla mgomba mmoja ukaanza kulala.

"Bwana, shika hapo!" Lois, msichana wa dawati la mbele, alipiga kelele. Kabla hajafikiri, mkaguzi akaukumbatia.

"Anafanya nini?" Wakesho aliuliza darasa, uso mkavu.

"He is holding it!"

"Mbona tusimwache hapo, tusihangaike na mti wa panda?"

"Atachoka, mwalimu! Mti hauchoki wala hauombi chai! Prop it!"

"Leteni huo mti, nyinyi!" alifoka mkaguzi. "Siwezi tena!"

"He cannot bear it!" darasa likaitikia, bila kuulizwa.

Mti ulipowekwa naye akaachia, utomvu ulikuwa umemchora kifua kizima. Mama Margaret aliziba mdomo kwa leso. "Pole, baba. Huo hautoki kwa sabuni yoyote."

Bwana Ndambuki alicheka kidogo, akajikaza. "Somo wamelielewa. Lakini fomu inataka nikuone ubaoni, na gari langu linaondoka sasa hivi. Njoo dakika kumi tu, nitie sahihi. La sivyo, mwakani."

Migomba mitatu ilibaki.

"Nenda, mwanangu," alisema Mama Margaret. "Hii nitajikokota nayo mwenyewe."

Wakesho aliutazama mkoba ule, kisha mikono ya bibi, iliyokunjamana kwa baridi yabisi.

"Basi mwakani, bwana," alisema. "Lois, lete mti."

Kengele ya saa sita ilipolia, walikuwa wakishindilia udongo chini ya mti wa mwisho.