Mitumbwi ya Darasa la Pili

"Mama Zaidi, umeuona ukuta? Mwanangu katoka nje kabisa, yuko bahari kuu!"

Yasmin alikuwa amesimama dirishani mwa darasa la pili, khanga imemteleza kichwani kwa furaha. Warda, aliyekuwa akikoroga uji wa shule, hakugeuka.

"Nina uji motoni," alisema.

Uji ulikuwa umeshaiva. Hakutaka tu kuutazama huo ukuta mbele ya mke mwenzake.

Mume wao, Bushiri, alimwoa Yasmin wakati Warda ana mimba ya Zaidi, na kabla Zaidi hajaota jino, Mwanaharusi naye akazaliwa nyumba ya pili. Tangu hapo kila kitu kikawa cha kupimana: nani katangulia kutembea, nani kaota meno, nani kashonewa nguo ya Idi yenye mifuko. Yasmin alimaliza darasa la saba na cheti chake alikitundika ukutani, mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione. Warda aliishia darasa la nne. Akitakiwa kusema mbele za watu, sauti humkauka.

Safari hii palikuwa na jambo zito kuliko nguo ya Idi. Dada yake Bushiri, anayekaa Kibiti karibu na barabara kubwa, alikuwa ametuma neno kwamba ana nafasi ya mtoto mmoja, atamsomesha huko mpaka amalize. Bushiri alikuwa Kiongoroni akikata mikoko. Aliwapigia simu wake zake mmoja mmoja, kwa maneno yale yale: "Jumamosi nakuja kikao cha wazazi. Aliye mbele ukutani ndiye atakayekwenda kwa shangazi yake."

Warda alitaka Zaidi aende. Alitaka mwanawe asije akakwama darasa la nne kama yeye. Na alitaka pia kumwona Yasmin, walau siku moja, amekosa la kusema.

Jumamosi asubuhi aliwahi kuwasha moto wa chai ya wazazi. Shule ilikuwa tupu. Akaingia darasani.

Mwalimu Sadallah, mgeni wa miezi miwili kutoka kijiji cha Mkongo, alikuwa amechora mto mrefu kwenye karatasi nne za manila zilizounganishwa. Juu kabisa alichora mashamba na migomba, chini kabisa bahari. Humo mtoni wamo watoto themanini na saba, kila mmoja na mtumbwi wake wa boksi wenye jina, umeshikizwa kwa mwiba wa mdimu ili usogezwe kila Ijumaa. Warda aliyafuata majina kwa kidole. Mwanaharusi Bushiri alikuwa baharini. Zaidi Bushiri alikuwa huko juu kwenye migomba, peke yake, kama mtu aliyekwama topeni maji yakamkimbia.

Wivu ukamkaba. Huku visiwani hata mtoto anayenyonya anajua kwamba mtumbwi wenye maana ni ule unaotoka nje. Unaobaki juu mtoni ni wa kubebea mboga. Akakumbuka Zaidi akimsomea maandishi ya pakiti ya chumvi, na yeye akifurahi.

"Kumbe alikuwa anabahatisha," alijisemea.

Akachomoa mwiba mmoja, akachomoa na wa pili. Akaihamisha mitumbwi: wa Zaidi baharini, wa Mwanaharusi kwenye migomba. Mwiba ukamchoma kidole. Akakinyonya, akatoka kwenda kutazama chai.

Saa nne darasa lilijaa. Bushiri alikaa mbele, kofia safi, miguu bado na madoa ya tope la mikokoni. Yasmin alipoutazama ukuta akamfinya Warda.

"Mbona mwanangu karudishwa juu? Jana alikuwa baharini, nimemwona kwa macho yangu!"

"Mimi nijuaje?" Warda alijibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasikia njaa. Akajimiminia chai.

Mwalimu Sadallah aliwasalimu wazazi, akashika fimbo ya kuonyeshea. "Huu mto ni kusoma kwa wanenu. Wote wameanzia baharini, kwenye herufi. Anayejua silabi anapanda. Anayesoma neno anapanda. Mpaka huku juu shambani, huyu anasoma hadithi nzima na kuielewa. Kwetu Mkongo, kupiga kasia kupandisha maji ndiyo kazi yenyewe."

Mzee Mtoro alicheka kule nyuma. "Mwalimu, sisi huku twaenda baharini, bwana! Mjukuu wangu nimemnunia wiki nzima kwa kuwa yuko juu!"

Darasa likaangua kicheko. Warda hakucheka. Alikiweka kikombe chini kabla hajakimaliza.

"Aliye juu kabisa," mwalimu aliendelea, akausogelea ukuta, akasita, "ni... Mwanaharusi Bushiri?"

Yasmin akapiga kigelegele. Mtoto akaenda mbele, akapewa kitabu, akausema ukurasa wa kwanza kwa sauti kali bila hata kuutazama. Mwalimu akamfungulia ukurasa wa katikati. Mwanaharusi akakitazama kitabu, akamtazama mama yake, machozi yakamlengalenga.

"Jana huyu nilimwacha baharini," alisema mwalimu taratibu. "Nani kaugusa mto wangu?"

Macho yote yalihamia kwa Yasmin.

"Si ndiye anayeshinda dirishani hapo," mwanamke mmoja alinong'ona, mnong'ono wa kusikiwa na wote.

"Msomi wa la saba!" mwingine akadakia.

"Wallahi sijagusa!" Yasmin alisema. "Wallahi tena!"

Bushiri akainuka. "Mmeniaibisha. Basi haendi mtoto yeyote Kibiti. Dada na achukue mtoto wa watu."

Warda alimtazama mke mwenzake: kichwa chini, khanga puani. Miaka minane alikuwa akiitamani sura ile. Angeweza kukaa akiitazama mpaka adhuhuri. Lakini pale chini baharini palikuwa na jina la Zaidi, na Zaidi mwenyewe alikuwa benchi la mbele, kaivuta shingo, midomo inacheza, akiusoma kimyakimya ule ukurasa uliomshinda Mwanaharusi.

"Ni mimi," alisema Warda.

"Sema tusikie, mama Zaidi," mwalimu alimwambia.

"Ni mimi niliyeihamisha." Sauti ilimkauka, akasimama ili asikike. "Yasmin hajui kitu. Niliona mwanangu kaachwa juu."

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Aliyetangulia alikuwa mzee Mtoro. "Yaani umemshusha mwanao kwa mkono wako?"

Kicheko kilichofuata kilitoka mpaka uwanjani. Yasmin naye alicheka, machozi bado mashavuni. "Ah, dada! Wivu gani huu wa kunipandisha mimi!"

Zaidi akaitwa. Akausoma ukurasa wa katikati, akasoma wa mwisho, akageuza na kusoma maneno ya nyuma ya jalada ambayo hakuna aliyemwomba. Bushiri hakumtazama Warda. Alisema tu, "Huyu ataondoka Jumatatu."

Jumatatu boti ilimchukua Zaidi na mfuko wake wa nguo. Warda alisimama mpaka ilipopinda kwenye mikoko, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asipongezwe na mtu.

Uani kwa Yasmin, Mwanaharusi alikuwa amekalishwa katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa.

"Mama, unanivuta!"

"Tulia, kichwa chenyewe hiki kigumu!"

Warda alijikuta amesimama. Yasmin hakushinda kitu, wala hakuonekana kukosa kitu. Alikuwa na mtoto wake mapajani. Kesho atakuwa naye, na nywele zikifumuka Ijumaa atamsuka tena.

"Dada, karibu kiti," Yasmin alimwita, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Nimeshakaa sana leo," alisema Warda. Akaingia kwake, akafunga mlango. Hata hivyo alimsikia mtoto akilalamika, na mama yake akimcheka.