Nyayo za Baba Jolie

Kila asubuhi, kabla mama yake hajatoka na beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenda sokoni, Jolie alifagia nyumba kuanzia chumba cha wazazi hadi mlangoni. Waliishi Kalimabenge, karibu na mto, na wakati wa mvua tope liliingia na kila mguu. Mdogo wake, Franck, alikaa mlangoni akinywa chai. Ufagio ulipomfikia aliinua miguu.

Siku moja Jolie alipofika shuleni, geti lilikuwa limeshafungwa. Direkta, mkuu wa shule, alimwambia kwamba akichelewa tena, jina lake halitaingia kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

"Franck, na weye iko na mikono," mama yao, Domitille, alisema. "Saidia dada yako."

"Minye niko mwanaume, mama. Papa hafagiake."

Domitille alikuwa amekwisha kumbembeleza mtoto huyo kwa mandazi, na kumnyima mandazi. Yote mawili Franck aliyavumilia.

Jumatatu moja nyayo zikakataa kutoka. Jolie aliondoa zake kwa urahisi, lakini za Franck zilibaki sakafuni, vidole vyote vikionekana. Walimwaga maji. Domitille alipiga magoti akakwangua kwa kisu, kisu kikapinda. Jirani yao, Ninahazwe, aliyekuja kuomba chumvi, aliinama akatazama.

"Hii inatokaka na mwenyewe tu," alisema. "Kwetu Kiringye ilifikiaka shangazi yangu. Kila muntu na yake." Akachukua chumvi akaenda.

Franck aliitwa. Alipitisha ufagio juu ya unyayo mmoja, nao ukabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Alifagia zilizobaki huku amenuna. Kwa kuwa alichoka kujikwaa kwenye miguu yake mwenyewe, akawa anazifagia kila siku, na asubuhi nyingine alisikika akiimba. Jolie akawa anafika shuleni kabla ya kengele. Domitille aliuza ndagala zake bila kugombana na mteja hata mmoja.

Zilibaki nyayo za Gracien, baba yao. Gracien alikuwa shefu wa nyumba kumi. Kila Jumamosi alipita na filimbi akiwatoa watu kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa, na aliyeacha uchafu mbele ya mlango wake alimgombeza mbele ya watoto wake.

"Baba Jolie, pitisha ufagio tu," Domitille alimwomba. "Watoto wanakuangalia."

"Mama Jolie, unataka watu wanione nimeinama na ufagio mu salo, pa kupokelea wageni? Kesho nitapigaje filimbi?"

Akaendelea kupita. Njia yake ilikuwa ileile, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, na tope lilikaa juu ya tope likakauka kama tofali. Mwanzoni watoto waliliruka tuta hilo. Baadaye walizunguka. Kiti kilipandishwa juu kumfuata mwenyewe, na sahani ya bugali Domitille alimpa kwa kunyoosha mikono.

"Huku iko hewa muzuri," Gracien alisema.

Mvua zilipozidi, kichwa chake kilifika kwenye mabati. Alitembea ameinama, mikono magotini, na kitini alikaa ameinama.

"Si ulikatala kuinama?" Domitille aliuliza.

Kesho yake Gracien alimleta fundi, Claude, ambaye alipanda juu ya paa, akapima kwa kamba, kisha akauliza swali moja.

"Kichwa tu, ao na mabega?"

"Na mabega," Gracien alisema, na Claude akakata tundu kwenye mabati.

Asubuhi iliyofuata mvua iliingia pembeni mwa mabega ya Gracien, maji yakaenea sebuleni. Franck alifagia nyayo zake, akaegemeza ufagio ukutani, akachukua chai.

"Saidia dada yako kupangusa," Domitille alisema.

"Zangu nimemaliza. Mvua haiko yangu."

"Iko ya Jolie?"

Franck alifikiri. "Haiko ya muntu," alisema, akainua miguu maji yasimfikie.

Ilikuwa kweli. Maji yale hayakuchagua mkono, yalikubali kupanguswa na yeyote. Jolie alikwisha kuvaa sare. Aliivua, akachukua kitambaa na ndoo. Domitille alimtazama, akazitazama ndagala zilizokuwa zikianza kunuka, akajitwika beseni, akatoka bila kuaga.

Juu ya paa Gracien alipuliza filimbi. Siku hizi alipuliza kila asubuhi, maana kutoka pale aliona milango ya nyumba zote kumi, na mto, na ziwa, na barabara hadi shuleni.

"Jolie!" aliita kupitia tundu. "Harakisha! Naona wanafunga mulango ya masomo!"

Jolie alikamua kitambaa ndani ya ndoo, akaendelea kupangusa.