Kurasa za Mwisho Hazipo

Tausi alikuwa fundi cherehani wa Nguvumali, lakini wengi hawakumfuata kwa mishono. Walifuata kabati lake la riwaya, na ulimi wake uliojua kumchagulia kila mtu kitabu kinachomkaa. Aliyeachwa aliazimwa ile ya mke anayefungua mgahawa akamsahau mume katikati ya masufuria. Aliyegombana na wifi alipewa ya mawifi watatu wanaolea mtoto mmoja. Anayependa kwa siri alibebeshwa nene kuliko zote, asipate nafasi ya kufanya upuuzi.

Basi Samiha, mtoto wa mama yake mdogo, alipowekwa ndani kule Usagara kungoja kuolewa na Rahimu wa Ushongo, alimwandikia kwenye simu: amletee riwaya ya mwanamke anayempenda mwanamume wake na bado anapata anachokitaka. Tausi akamjibu kwamba hizo zinakaa rafu moja na hadithi za majini. Hata hivyo alibeba tatu.

Alijua kinachomkereketa ndugu yake. Si Rahimu, Rahimu alipendwa mpaka kero. Ni mwaka mmoja uliobaki wa chuo cha ualimu Korogwe. Upande wa mume ulishasema bibi harusi aanze nyumba kwanza, masomo yatazungumzwa baadaye, na hiyo baadaye hakuna aliyewahi kuiona ikifika. Leo, baada ya alasiri, baba mkubwa wa Samiha angekuja mlangoni na mashahidi kumuuliza kama ameridhika, na mahari anataka nini. Mwali hutazamiwa anyamaze, na kimya chake ndiyo ridhaa. Samiha kwa kunyamaza alikuwa bingwa tangu chekechea.

Chumbani moshi wa udi ulining'inia kama kanga iliyosahauliwa kambani. Bi Mwanamkasi, somo aliyewapamba nusu ya maharusi wa mtaa ule, alikuwa anamalizia maua ya hina kwenye viganja vya mwali. Tausi akampa shikamoo, akakaa mkekani, akavinadi vitabu vyake. Cha kwanza Samiha alikikataa kwa kuwa mume anakufa. Cha pili, kwa kuwa mume hafi.

Cha tatu kilikuwa cha Nunu, binti wa mji wenye mvua nyingi, anayeulizwa kama ameridhika siku ya ndoa yake. Tausi hakuwa amekimaliza. Kila kiliporudi kilikuwa na mtu wa kukichukua, naye alikisifia kwa kuamini macho ya waliokirudisha. Mara ya mwisho kilirudi kimefumuka, akakipiga cherehani mgongoni kama suruali ya shule, akajiona fundi kweli.

Mikono ya Samiha ilikuwa mibichi, kwa hiyo Tausi ndiye aliyesoma. Alisoma mvua ya Nunu ikinyesha juu ya bati, na pazia la dirishani likavuta pumzi, likaitoa. Alisoma nyumba iliyojaa shangazi wanaonong'ona, na ukumbini shangazi wakanong'ona. Bi Mwanamkasi alisahau kijiti cha hina hewani. Joto la mchana likakibeba chumba taratibu, kikaelea na kitanda chake na mito yake, mpaka haikujulikana harufu ya udi inatoka kwa Nunu au kwao.

Ndani ya kitabu, wazee wakasimama mlangoni. Nunu akainua uso. Tausi akafungua ukurasa, akakutana na jalada.

Hapo akakumbuka siku ya ushonaji ule, na ufagio uliopita chini ya cherehani na kuzoa vipande vya vitambaa na karatasi bila kubagua.

"Endelea," Samiha alisema. "Alisema nini?"

Tausi alikuwa na uwongo wa kutosha kinywani, hata na harusi yenye tarumbeta. Akamtazama ndugu yake, na kwa mara ya kwanza mzaha ukamkatalia.

"Kurasa za mwisho hazipo, Sami. Na mimi sijui alisema nini."

Samiha akanyoosha mkono kukivuta kitabu ahakikishe, na kidole gumba kikaacha ua jekundu kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki. Bi Mwanamkasi hakumkemea. Mlango ukabishwa.

Mzee Mwinyijuma, baba yake mkubwa, alisimama nje ya pazia la mlango na mashahidi wake. Akauliza kwa sauti ya taratibu, kama anayesoma kitu anachokijua mwisho wake, kama binti ameridhika kuozwa Rahimu. Kimya. Mzee akakohoa, tayari kugeuka.

"Baba mkubwa, nimeridhika naye," Samiha alisema, mikono yake mibichi ikiwa juu kama ya anayeomba dua. "Mahari yangu ni mwaka wangu wa Korogwe. Anisomeshe nimalize."

Shangazi ukumbini waliacha kunong'ona. Nyayo za wazee zikaenda barazani alikokaa bwana harusi. Tausi akaikunjua kanga yake, akaikunja tena. Samiha alikuwa ametulia kama aliyelala macho wazi, na hina ilizidi kukolea.

Nyayo zikarudi.

"Amekubali," Mzee Mwinyijuma alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imechanganyikiwa kidogo. "Ila anauliza, chuo kikifungwa, utakuwa unakwenda Ushongo?"

Samiha akainamisha uso, akalificha tabasamu begani, wala hakusema neno.

Bi Mwanamkasi akangoja kidogo, kisha akaita kupitia pazia:

"Mwambieni amenyamaza."