Ua Nampa Mdogo Wangu

Sentensi yenyewe, kwenye karatasi ya wosia wa Bibi, ilikuwa na maneno manne: Ua nampa mdogo wangu. Kwa maneno manne hayo, mtu na mama yake mdogo hawakusalimiana miaka thelathini na moja.

Shida ni kwamba marehemu Bibi aliacha vitu viwili vya jina moja: ua la kunusa na ua wa kufagia. La kunusa ni okidi nyeupe, adimu kweli, inayochanua ikijisikia, ndiyo maana nyumbani iliitwa Mnuni. Wa kufagia uko nyuma ya nyumba, na bomba lake. Bibi alipofariki, Mama alimpelekea Bibi Mdogo, mdogo wake marehemu, Mnuni ndani ya chungu. Ikarudishwa siku hiyohiyo na ujumbe: “Nimepewa ua, sikupewa chungu.”

Sasa ua ule umejaa miche ya mjukuu, muuza maua asiye na kazi nyingine duniani, na Bibi Mdogo ametuma salamu kwamba Jumatatu anakuja na fundi kupima ukuta. Muuza maua akakimbilia kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mwalimu akavaa miwani, akavua miwani.

“Hapa hakuna upatanisho,” akasema. “Kwenye sentensi wala kwenye familia.”

Muuza maua akarudi nyumbani kupekua sanduku la Bibi, apate maandishi mengine ya kulinganisha. Akakuta makopo ya mbegu. Kila kopo lilichorwa ua lake kwa mkaa, vizuri ajabu, bila herufi hata moja. Chini ya makopo kulikuwa na kadi ya kliniki, na penye sahihi pana dole gumba.

“Mama, Bibi alijua kuandika?”

“Aandike wapi? Hata jina lake alikuwa anaandikiwa.”

“Sasa ile karatasi aliandika nani?”

Mama aliacha kumenya vitunguu. “Tuliikuta chini ya mto,” akasema polepole. “Na aliyemuuguza siku ile ni mdogo wake.”

Jumatatu Bibi Mdogo aliingia kwa mlango wa uani, themanini na ushee, fundi nyuma yake na kamba na vigingi. Muuza maua hakumpa nafasi ya kukohoa.

“Shikamoo Bibi. Marehemu hakujua kuandika.”

Fundi akaipenda kamba yake ghafla, akawa anaitazama tu. Bibi Mdogo akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Miaka ile alikuwa mwanamke wa makamo mwenye penseli, ameketi ukingoni mwa kitanda. Dada yake alimwambia, “Andika: ua langu jeupe nampa mdogo wangu.” Akaandika “Ua”. Akaruka maneno mawili. Akaendelea.

“Umeandika yote?” dada akauliza.

“Yote, dada.”

“Uongo mtupu,” Bibi Mdogo alisema sasa. “Mtu anakata roho, namdanganya.”

“Kwa nini, Bibi?”

“Ua la chungu ningeletewa mlangoni, hongera, kwaheri. Mimi sina mume, sina mtoto, na dada ndiyo anakwenda. Nikataka kitu ambacho nikikifuata lazima nipite kwenu.”

“Na hukupita!”

“Nilingoja niitwe. Mama yako naye akangoja aombwe radhi. Kiburi si maungwana, lakini sisi tulikuwa nacho cha kugawa.”

Muuza maua alimkasirikia, kisha akamwonea huruma, kisha akakasirika tena kwa kuwa huruma ilikuwa imeshinda. Ua ulikuwa wake. Neno moja tu kwa Mama, na mzee huyu asingekanyaga hapa tena.

“Anasemaje huyo?” Mama akaita kutoka jikoni.

Bibi Mdogo akamshika mjukuu mkono, kwa nguvu.

“Hili la penseli utamwambia mwenyewe,” muuza maua akamnong’oneza. Halafu akapaza sauti: “Anauliza kama kuna chai!”

Jikoni kisu kikawekwa chini.

“Mwambie hapa si mkahawani.” Kikombe kikagonga sahani. “Na aje aseme mwenyewe sukari vijiko vingapi. Mimi nimeshasahau.”

Muuza maua akageuka kumwambia. Bibi Mdogo alikuwa ameshafika mlangoni mwa jikoni, ameinama, anahangaika kufungua kamba za viatu.