Asiyefumba Macho

Fundi wa kuchomelea vyuma ambaye watu wote walimwita Cheche hakuwa mtu wa dini, na hakulificha jambo hilo. Alikwenda kanisani kila Jumapili kwa sababu mke wake, siku chache kabla ya kufa, alimshika mkono akamwomba amwangalie mama yake. Mama mkwe alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Hakuweza kupanda ngazi za kanisa bila bega la mtu, na bega lililokuwepo lilikuwa la mkwewe.

"Vaa shati lenye kola, mkwe," alikuwa akimwambia. "Mungu humwamini, sawa. Lakini majirani unawaamini, na majirani wana macho."

Basi alivaa shati lenye kola. Walikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Nyimbo alizozipenda aliziimba. Wakati wa kukiri imani alifunga mdomo, akasimama na mikono mgongoni kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Wenzake walipokwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki amekaa. Na watu walipoinamisha vichwa kusali, yeye alitazama dari, nyaya za taa zilizofungwa ovyo, visogo vya watu. Aliona ni uongo kufumba macho mbele ya Mungu asiyemwamini. Mama mkwe aliwahi kumuuliza huwa anaona nini.

"Namwona mchungaji naye anachungulia," alimjibu, na mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Katika kwaya alikuwepo mwanamke mwembamba waliyempa jina la Zumari kwa ajili ya sauti yake. Mumewe alikuwa seremala, tena mzee wa kanisa, na mabenchi yote mle ndani aliyatengeneza yeye. Alikuwa mtu wa maneno laini. Akikusalimia alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akakuuliza habari za kazi na za magoti ya mama, na akasubiri umjibu. Mwaka ule Zumari alianza kuimba kitambaa cha kichwa kikiwa kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Jumapili moja kitambaa kiliteleza katikati ya wimbo, na Cheche akaona jicho limevimba, limeziba, ngozi yake imekuwa nyeusi na kung'aa kama biringanya. Waimbaji waliosimama kulia na kushoto kwake waliliona pia. Wakaendelea na ubeti wa pili.

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza mama mkwe.

"Anampiga," mama mkwe alisema. "Alishakimbilia nyumbani kwa mchungaji, akarudishwa. Akakimbia tena, safari hiyo mbavu imevunjika. Wazee wakakaa kikao. Wakamwombea mume, mume akalia machozi, wakamrudisha mke."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilikuwa jikoni na wenzangu, tunapika chai ya kikao." Aliegemea bega la mkwewe, akavuta hatua. "Nilisema chai iko tayari."

Zumari alipokimbia tena hakwenda kwa mchungaji. Alikwenda kwa dada yake, upande wa pili wa mji, na akakataa kurudi. Kwaya tu ndiyo hakuiacha. Alisema sauti ni yake na hawezi kumwachia mtu. Seremala akapotea kanisani kwa muda. Watu wakasema ana aibu, wengine wakasema yuko katika maombi ya kufunga.

Akatokea Jumapili ya Meza ya Bwana. Alichelewa kidogo, akapita katikati ya mabenchi akiwa amevaa koti zito ingawa kulikuwa na joto, akampungia mkono huyu na yule, akakaa mahali pake mbele. Aliimba. Mama mkwe alimgusa Cheche kwa kiwiko.

"Amekonda."

"Amenyoa ndevu tu," Cheche alisema.

Baada ya mahubiri kwaya ilikwenda kupiga magoti kwenye kizuizi cha mbele ili ihudumiwe kwanza. Mchungaji akainua mkono, akawaambia watu wote wafumbe macho, kila mmoja auchunguze moyo wake. Kanisa likawa kimya. Cheche, ambaye hakuwa na la kuchunguza, alimwona seremala akisimama. Alidhani anakwenda kusaidia kugawa mkate, maana ndiyo kazi ya wazee. Halafu aliona mkono wa kulia ukiingia ndani ya koti na kutoka na nyundo, ile ya makucha ya kung'olea misumari.

Seremala alitembea kwa vidole vya miguu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Cheche alikuwa ameshainuka na anakimbia, lakini hakupiga kelele. Maisha yake yote alifundishwa kwamba kanisani hakupigwi kelele, na mafundisho hayo yalimziba koo kwa muda uliotosha nyundo kupanda na kushuka. Huenda Zumari alisikia pumzi nyuma yake, kwa sababu aligeuza kichwa, na pigo lililokusudiwa kisogo likampata kwenye taya. Mlio wake ulikuwa wa ubao unaopasuka. Watu walifumbua macho wakidhani benchi limevunjika. Pigo la pili lilimpata mfupa wa bega. Alianguka bila sauti, na damu yake ikaruka hadi kwenye kitambaa cheupe cha meza.

Pigo la tatu alilipokea Cheche. Aliweka mkono wake wa kulia katikati, na nyundo ikavunja mifupa yote miwili ya chini ya kiwiko. Aliona mkono wake ukipinda mahali pasipo na kiungo. Alimpiga seremala kwa kichwa puani, wakaanguka pamoja juu ya benchi la kwanza, na benchi likaenda nao chini. Seremala alimuuma begani, akatoboa shati na kufika kwenye nyama. Cheche akamsukumia goti tumboni, akamkanyaga kifundo cha mkono mpaka vidole vikafunguka, akaiokota nyundo kwa mkono wa kushoto.

Angeweza kuishia hapo. Seremala alikuwa chali, hana kitu mkononi. Cheche alimpiga kwenye goti. Akampiga kwenye kiganja kile kilichozoea kuwashika watu mikono. Akampiga usoni, na jicho la kushoto likapotea ndani ya nyama. Shemasi mmoja alimvuta shati kwa nyuma. Alimtupa kwa kiwiko bila kumtazama. Hakuwa anafikiria juu ya Zumari tena, wala juu ya mtu yeyote. Alikuwa anapiga tu, kama anavyonyoosha chuma kilichokataa kunyooka, na kila pigo lilimpa raha, na aliitaka raha ile iendelee.

Mama mkwe alikuja kutoka benchi la nyuma, peke yake, akijishikilia benchi moja hadi jingine. Alipofika hakumshika. Alisimama mahali ambapo mkwewe angemwona.

"Ukimuua utafungwa," alisema kwa sauti ya kawaida, "na mimi nitabaki na nani?"

Cheche alimtazama. Akaitazama nyundo, ikiwa na nywele zimenasa kwenye makucha. Akaiweka chini taratibu, akakaa sakafuni, akatapika.

Hospitali walimfunga plasta kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko. Mchungaji alikuja kumwona, akavuta kiti, akashika Biblia bila kuifungua.

"Ndugu yangu, Mungu alikuweka pale kwa makusudi," alisema. "Watu wote walifumba macho isipokuwa wewe."

"Mchungaji, nani alimrudisha yule mama kwa mumewe?"

"Tulikuwa tunajaribu kuiokoa ndoa."

"Nimekuuliza nani."

Mchungaji aliigeuza Biblia mikononi. "Kikao," alisema. "Mimi nilikuwa mwenyekiti."

"Basi usimsingizie Mungu kunipanga mimi, kama hujaniambia ni nani aliyempanga yule na nyundo."

Mchungaji aliomba ruhusa ya kumwombea. Cheche alimruhusu, kwa sababu mtu alishafunga safari, na alimtazama akisali mpaka mwisho.

Polisi walimhoji, wakasikia mashahidi, wakamwachia. Seremala alipona kiasi cha kusimama kizimbani akiwa na jicho moja, akahukumiwa kifungo kirefu. Mtaani watu waligawanyika. Wapo waliomwita Cheche shujaa na kumnunulia soda. Wapo waliosema amemwaga damu madhabahuni, na kwamba mtu asiyeamini hakutakiwa kuwa mle ndani tangu mwanzo. Mdogo wake seremala alikuja karakana akiwa na nondo mkononi, akapiga geti jipya lililokuwa limesimamishwa ukutani mpaka likapinda, huku analia. Cheche alimwangalia tu. Alijua angeweza kumpiga hata kwa mkono mmoja, na kwamba angependa kufanya hivyo, na kujua hivyo kulimfanya arudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Zumari alipotoka hospitali alihamia kwa mama mkwe wa Cheche. Taya lake lilifungwa kwa waya, akala uji na mchuzi kwa mrija. Waya ulipotolewa, aliweza kusema lakini si kuimba. Mdomo haukufunguka vya kutosha, na upande mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Siku moja mchana alikuja karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mchungaji amekwenda gerezani," alisema. "Anasema mume wangu ametubu. Anataka Jumapili nisimame mbele niseme nimemsamehe, ili kanisa lipone."

"Kwa nini umekuja kuniuliza mimi? Mimi sijui mambo yenu."

"Ndiyo maana nimekuja, shemeji. Kila mtu mwingine ananijibu kwa mstari wa Biblia."

Cheche alivua miwani ya kuchomelea. "Wewe unataka nini?"

Alifikiri. "Nataka asitafune nyama maisha yake yote."

Cheche alicheka kabla hajajizuia, naye Zumari akacheka, kisha akashika taya kwa maumivu, machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Mchungaji alimwita mbele kwa upole, akampa kipaza sauti. Zumari aliongea polepole, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Nimeombwa nimsamehe mume wangu mbele yenu. Sijamsamehe. Siku nikimsamehe nitamwambia Mungu, nyie hamtapewa taarifa." Alipumua. "Yeye alinipiga kwa nyundo, na amefungwa. Lakini kuna walionishika mkono wakanirudisha mlangoni kwake huku nikiwaambia ataniua. Naomba wasimame niwaone."

Hakuna aliyesimama. Mhazini aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja alianza wimbo kwa sauti ya chini ili kumwokoa mchungaji, ukamfia mdomoni. Zumari alisubiri. Kisha shemasi mzee kuliko wote, yule aliyekuwa ametupwa kwa kiwiko, alisimama, akiikunja kofia yake kwa mikono miwili. Akafuata mwingine. Mama mkwe alimchoma Cheche ubavuni.

"Nisimamishe."

"Mama, wewe hukuwa ndani ya kikao."

"Nimesema nisimamishe."

Alimpa bega, akamwinua. Mchungaji alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa tayari amesimama na hakujua afanye nini. Alishuka mimbarani, akaenda kusimama pamoja na wazee wake, chini, mikono ikining'inia. Zumari aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka. Alipomaliza alirudisha kipaza sauti mahali pake, akatembea katikati ya mabenchi, akatoka nje.

Mchungaji aliomba uhamisho. Zumari alipanga chumba chake na kuanza kufundisha watoto kuimba kwa kuwapigia noti kwenye kinanda kidogo, bila kutoa sauti yake. Cheche aliendelea kumpeleka mama mkwe kanisani. Mkono ulimuuma siku za baridi, na mara nyingine, akishika nyundo kazini, alilazimika kuiweka chini na kutoka nje kidogo.

Mchungaji mpya alipomfahamu alimuuliza kama ameokoka. Cheche alisema bado, na hadhani kama itatokea. Kisha akamuuliza kama nyumba ya mchungaji ina chumba kisichotumika. Kilikuwepo. Wiki ile alikwenda na vifaa vyake, akafunga mlango wa chuma na komeo zito, akaliweka upande wa ndani, ili atakayekimbilia pale ajifungie mwenyewe na afungue akipenda.