Baiskeli ya Nusu Ndoo

Mume wangu wanamwita Waya, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Ukimfulia suruali bila kupekua mifuko, beseni linabaki na vipande vya nyaya, skrubu, na safari moja swichi ya feni iliyonichana kidole. Anatengeneza feni, redio na kila kitu ambacho mwenye nacho amekikatia tamaa. Mimi nashona nguo. Tunafanyia kazi chumba kimoja, ghorofa ya tatu, meza yake ipo dirishani na cherehani yangu mlangoni. Katikati nimepiga mstari wa chaki sakafuni ili takataka zake zijue mwisho wake ni wapi. Mstari hauheshimiwi, lakini upo.

Mdogo wangu anakaa nasi. Ni mkunga. Zahanati yake iko juu ya kilima, na ukisimama dirishani kwetu unaiona barabara inavyopanda kwenda huko, wima, bila kona wala huruma. Zamani aliipanda huku akipiga soga na wenzake. Kisha akaugua mapafu. Alipona, tukashukuru, ila mapafu hayakurudi kama yalivyokuwa. Kwenye tambarare huwezi kumjua kama ana tatizo. Mlimani anaenda kidogo, anakaa juu ya jiwe, anainuka, anakaa tena, na akifika juu hawezi hata kuitikia salamu.

Alitufichia. Nilijua siku nilipopeleka mashuka niliyoyashona kwa ajili ya zahanati, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti, kichwa katikati ya magoti, na ndani mwanamke analia kwa uchungu. Nikamtolea uvivu hapohapo.

"Wewe si ndiye unayewaambia wenzio mficha uchi hazai? Sasa mwenzetu unamficha nani?"

Akanieleza yote. Matroni alikuwa amemvumilia sana, lakini alishamwambia wazi kwamba mkunga anayefika akihema ni mgonjwa wa pili. Mwezi ukiisha hali ikiwa hivyohivyo, atahamishiwa stoo akatunze pamba na sabuni. Chumba cha kuzalishia angekuwa anakisikia tu kupitia ukutani. Aliponiambia hayo hakulia, na mimi namjua, asipolia ndipo panapouma.

Msije mkadhani hatukufikiria njia nyingine. Pikipiki alijaribu, moshi wake ukamlaza kitandani. Kuhamia juu hakuwezekani, kwa sababu kule hakuna nyumba, ni zahanati na matangi ya maji basi. Baiskeli ya umeme tulienda kuitazama dukani. Nzuri, inang'aa, lakini alipojaribu kuinyanyua haikusogea. Na lazima inyanyuliwe, maana huku kwetu kitu ukikiacha chini ya ngazi umekitoa sadaka. Jirani yetu aliibiwa pipa la taka pamoja na taka zake.

Jioni tulipotoka dukani, Waya alikuwa mezani akigeuzageuza skrubu kiganjani. Halafu akauliza, "Shemeji, ngazi zetu hizi, ukipandisha nini ndio unafika bila kukaa?"

Mdogo wangu akafikiri. "Nusu ndoo ya maji. Zaidi ya hapo napumzika."

"Basi itakuwa nusu ndoo."

"Nini itakuwa nusu ndoo?"

"Baiskeli yako."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye hakucheka. Aliinuka, akachukua mpini wa fagio langu, akaufunga katikati kwa utepe wa pindo na kuuning'iniza juu ya mlango. Upande mmoja akatundika ndoo yenye maji nusu. Upande wa pili akaacha wazi. Ikawa ndiyo mizani yetu. Kila tulichotaka kukitia kwenye baiskeli kilitundikwa kwanza upande ule, na ukitaka kutoka chumbani lazima uiname chini ya ndoo kwa adabu.

Fremu ya kwanza ilikuwa ya chuma, kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Waya aliitundika peke yake, bila gurudumu hata moja, na ndoo ikaruka juu. Maji yakatumwagikia. Siku iliyofuata nilimkuta anaongeza maji kwenye ndoo kwa kikombe, taratibu, kama mtu anayemwagilia ua. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake.

"Shemeji, mimi ndiye nitakayeibeba," akamwambia. "Ukiidanganya ndoo, ngazi hutaidanganya."

Waya akayapunguza maji, kisha akatoka bila kofia. Alirudi na mianzi begani, mikavu, aliyoipata kwa mtu anayetengeneza ngazi za kuegemeza. Mwanzi mmoja mrefu ulipotundikwa, mpini wa fagio haukujali. Tukatazamana. Fimbo yenye ugumu ule, nene kuliko kifundo changu cha mkono, na uzito wake kama haupo. Nimeishi kuiona mianzi kila mahali na sikuwahi kuistaajabia mpaka siku hiyo.

Shida ikawa maungio. Mwanzi hauchomelewi. Waya, kama kawaida yake, akaukimbilia waya. Akafunga, akakaza kwa koleo, mwanzi ukapasuka. Akafunga mwingine, ukapasuka. Alipochukua wa tatu uvumilivu ulinishinda, nikauvuka mstari wangu mwenyewe wa chaki.

"Lete huku. Ukifunga hivyo hata kifungo cha shati hakikai."

Kifungo cha koti zito hakishonwi kikalaliana na kitambaa. Unakiinua kidogo, halafu unauzungusha uzi chini yake mpaka kinapata shingo. Nguvu yote iko kwenye ile shingo. Nikachukua nyuzi za katani, nikazipaka nta, nikaikutanisha mianzi miwili na kuizungushia uzi hivyohivyo, huku na huku, kwa kupishanisha. Juu yake Waya akapaka ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, ambayo ikikauka inakuwa jiwe. Tulipoacha ikauka, alining'inia kwenye kiungo kile kwa mikono yote miwili, mtu mzima na kitambi chake, na hakikutoa hata mlio.

"Mke wangu," akasema, akiwa bado ananing'inia, "kumbe miaka yote hii nimeoa fundi."

Kuanzia hapo kazi ikawa yetu wote. Mdogo wangu nilimpima kwa futi kamba kama ninavyompima mteja wa gauni, mguu, mkono, mgongo akiwa ameinama na akiwa amenyooka, na fremu ikakatwa kwa vipimo hivyo. Gurudumu la nyuma lilikuwa na mota kitovuni, ndogo, ya kijibaiskeli cha umeme cha watoto kuchezea kilichotupwa baada ya kuvunjika usukani. Umeme wake ulitoka kwenye betri za kompyuta zilizokufa. Waya alinieleza kwamba betri ya kompyuta haifi yote. Ndani yake kuna vibetri vidogo vimejipanga, akifa mmoja wanazikwa wote. Alizipasua, akavipima kimoja kimoja kwa mita yake, vilivyo hai akavitenga. Mimi nikavishonea mfuko wa turubai, kila kimoja na kifuko chake, mfuko wote ukafungwa chini ya mwanzi wa juu. Ukiutazama unadhani ni mkoba wa kinyozi.

Tuliishusha uchochoroni kuijaribu mwezi ukiwa umebaki mkiani. Mdogo wangu akapanda, akazungusha kishikio, baiskeli ikaondoka. Haikufika mbali. Pale uchochoro unapoanza kuinuka ikalia nyuma, mlio wa mlango mbovu, na gurudumu likaanza kucheza. Waya akamdaka shemeji yake kabla hajaanguka.

Kiungo kilicholegea nilikijua kabla Waya hajakigusa. Viungo vya mbele nilivifunga kwa hasira, moja kwa moja. Vya nyuma nilikuwa nimeshatulia, nikavifanya kwa ufundi, na ufundi wangu mimi ni kupiga bandi kwanza. Hakuna nguo inayopita mikononi mwangu bila bandi: unaishikiza kwa nyuzi legevu, mtu anaipima, unaridhika, ndipo unashona, kisha zile za bandi unazichomoa. Basi mikono yangu, bila kuniuliza, ilishikiza mianzi ya nyuma kwa bandi na kufunga uzi wa kweli juu yake. Gundi ikaja ikazifunika zote pamoja. Nguo ya gundi haichomolewi bandi. Katikati ya kila kiungo cha nyuma kulikuwa na ulegevu niliouweka kwa uangalifu mkubwa.

Nilikaa kwenye ngazi nikajitukana kwa majina yote ninayomwita Waya. Mdogo wangu akakaa pembeni yangu.

"Dada, stoo nayo ni kazi," akasema. "Pamba nayo inahitaji mtu."

"Nyamaza. Nani amekuambia nimemaliza?"

Tulikata viungo vile kwa msumeno. Safari hii uzi ulilowekwa gundi kwanza, na ulikazwa tangu mzunguko wa kwanza. Waya alishika mianzi, mimi nikavuta uzi, mdogo wangu akaniangalia mikono, na kila ilipotaka kulegeza alinigonga kwa rula. Vidole vilinichubuka nikavifunga vitambaa nikaendelea, maana lisilo budi hutendwa.

Ilipokauka tukaitundika, nzima, na magurudumu yake, breki, cheni, mota na ule mkoba wa kinyozi. Waya aliishikilia kwa chini, akaogopa kuachia. Mwishowe akaachia. Mpini wa fagio ukayumba, ndoo ikashuka taratibu ikatulia chini, na baiskeli ikabaki juu, inajizungusha hewani polepole mbele ya macho yetu. Ilikuwa nyepesi kuliko nusu ndoo. Nikajikuta nanong'ona kama niko mbele ya mtoto aliyelala.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi mdogo wangu aliiweka begani akashuka nayo ngazi zote. Chini ya kilima akaipanda. Waya na mimi tukafuata kwa miguu, yeye na koleo, mimi na uzi na sindano, sijui nilidhani nitashona nini njiani.

Nilitarajia kelele. Kitu kinachopanda mlima lazima kilalamike, gari linanguruma, mtu anaguna. Hiki hakikusema lolote. Nilisikia kokoto chini ya matairi tu. Miguu yake ilizunguka kwa raha, na mlima ule niliouchukia kwa niaba yake ukawa unapita chini yake kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano. Alilifikia jiwe lake la kwanza la kukalia, akalipita. La pili, akalipita. Macho yalinijaa machozi sikuiona njia vizuri. Nilikuwa nimeishika mianzi ile, nimeupaka uzi ule nta kwa mkono wangu, najua kila kipande kilitoka kwenye jalala gani, na bado sikuelewa imekuwaje.

Akageuka nyuma. "Dada, mbona unahema hivyo? Nikungoje?"

Maneno yote hayo aliyasema mfululizo, akiwa mlimani. Waya akaketi chini katikati ya barabara akashika kichwa.

Tulipofika juu, mimi roho ikiwa mdomoni, baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani na mwenyewe hayupo. Wanawake wawili walikuwa wamefikia kujifungua kwa pamoja. Matroni alikuwa na mmoja chumba cha ndani. Kutoka chumba cha pili mdogo wangu aliniita, nikaingia, akaniambia nimshike mama mabega. Nikamshika. Muda si mrefu mtoto akatoka, wa kike, na hakulia. Alikuwa na rangi ya wino, mikono inaning'inia.

Mdogo wangu alimkausha, akamsugua mgongo, akamsafisha kinywa. Kimya. Akaita mfuko wa kupulizia watoto hewa, na sauti ya matroni ikajibu kwamba anautumia kwa mwingine. Basi akamlaza mtoto, akamwekea mdomo wake juu ya mdomo na pua, akampulizia.

Sikuwahi kuona jambo lile. Hakupuliza kwa kifua. Alijaza mashavu tu, akasukuma hewa kidogo, kiasi cha kupoza kijiko cha uji, akangoja. Akarudia, kiasi kilekile, akangoja. Mapafu yenyewe ni madogo kama majani mawili ya mharage, pumzi ikizidi yanapasuka. Mimi nilikuwa bado nahema kwa ajili ya kilima, kifua kinanipiga kama cherehani inayokimbizwa bila kitambaa, na ndipo nikaelewa nimeshika nini mikononi mwezi mzima. Mtu anayehema hawezi kupuliza kidogo. Mabega yangu yalikuwa yakipanda na kushuka. Ya kwake yalikuwa yametulia.

Akapuliza tena, akangoja. Mtoto akakunja kidole. Akakohoa kakohozi ka paka, akakunja uso wote, akalia, na wekundu ukamwenea kuanzia kifuani mpaka nyayo. Mama yake naye akalia, nami nikajiunga nao bila kualikwa.

Matroni alitokea mlangoni na mfuko wa kupulizia mkononi, jasho linamtoka. Alimtazama mtoto. Kisha akamtazama mdogo wangu, akakazia macho kifuani pake, muda mrefu, akifuatisha kinavyopanda na kushuka polepole. Akaupachika mfuko kwenye msumari wake.

"Kata kitovu, mkunga," akamwambia. "Kuna mama mwingine anakuja nyuma yake."