Bloku Iliyokaa na Vibuyu

Injini ya pikipiki ndogo, ukiifungua yote, inaenea kwenye karai moja la kuogea. Nilishangaa. Miaka yote niliyoiona ikipanda kilima cha Chepilat na Weldon juu yake, nilidhani ndani mna vitu vingi sana. Kumbe ni pistoni moja, bloku moja ambayo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, cheni nyembamba kama mkufu, na nati ambazo ukidondosha moja utaitafuta kwenye nyasi hadi mgongo ukuume.

Weldon ni kaka yangu. Alipopata kazi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, aliiacha pikipiki nyumbani, kwa sababu ilikuwa imeanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili kama ng'ombe aliyelamba chumvi. Aliniambia, "Tecla, ukiifufua ni yako." Nilidhani anatania. Lakini baadaye akanitumia bloku mpya na pistoni yake, vimefungwa kwa gazeti, kwa hiyo labda hakuwa anatania.

Niliitaka kwa sababu ya maziwa. Kwetu, wenye ng'ombe wachache tumejiunga kikundi, na kila asubuhi mtu mmoja hukusanya mitungi ya maboma yote na kuipeleka kituo cha maziwa pale Chepilat. Mzee aliyekuwa akibeba kwa punda amechoka, na punda amechoka zaidi. Mwenyekiti wetu, Mama Edinah, akauliza mkutanoni ni nani atachukua kazi hiyo. Clifford, kijana wa bodaboda ambaye mdomo wake haulali, alisimama kabla swali halijaisha. Mimi nilibaki nimekaa. Ni Kogo, bibi yangu, aliyenidunga na fimbo yake mpaka nikasimama, nikasema huku nikiangalia viatu vyangu kwamba mimi pia ningependa.

"Na pikipiki iko wapi?" Clifford akauliza. "Si ile iliyolala kwa karai?"

Watu walicheka. Mama Edinah alicheka kidogo tu. "Jumatatu asubuhi," akasema, "ikinguruma kwa lango lenu, utabeba wewe, Tecla. Isiponguruma, atabeba Clifford, na maneno haya hatutayarudia."

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyoweza kusema. Chai naichuma vizuri, lakini kwenye mistari ya chai wanawake hupiga hadithi kutoka kikapu hadi kikapu, na mimi sijawahi kujua pa kuingilia. Juu ya pikipiki hakuna anayengoja uongee.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuifungua, na mwalimu wangu alikuwa Ogada. Ni fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, mtu wa kutoka kando ya ziwa, na amepanga kwa jirani yetu tangu kabla sijazaliwa. Akitoka zamu alikuja na spana zake, akaketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, na hakugusa kitu.

"Mimi naleta mdomo," alisema. "Mikono utaleta wewe. Nikikufungia mimi, siku ikikufa njiani utanipigia simu mpaka nizeeke."

Kwa hiyo nilifungua mwenyewe. Kila nilipolegeza kitu nilikipiga picha kwa simu kwanza, ndipo nikakiweka kwenye karai. Ogada alinionyesha ringi, yale mapete membamba yanayozunguka pistoni, na jinsi kila moja lilivyo na mwanya mdogo kama mdomo.

"Midomo hii usiipange upande mmoja, nyathina, mwanangu," akasema. "Ikikutana itasengenya, na oili itapita hapo hapo. Kila mmoja atazame kwake, kama wake wenza."

Kogo alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Wewe Ogada una wake wangapi hata ujue hayo?"

"Mmoja tu, Mama. Ndiyo maana nina amani."

Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha bloku mpya. Inatoka dukani ikiwa na mafuta mazito yaliyoshika vumbi, na Ogada alikuwa ameniambia niioshe kwa maji moto na sabuni, niikaushe, kisha niipake oili mara moja, maana chuma kipya kikioshwa hushika kutu kabla hujamaliza kupiga chafya. Niliosha nikakausha. Kugeuka kuchukua oili, nikakuta chupa ni tupu.

Nilitazama huku na huku. Pale karibu na jikoni, palipo na jua na upepo, pana uchaga wa Kogo wa kuanikia vibuyu. Nikaiweka bloku juu yake, kati ya vibuyu viwili, nikakimbia dukani.

Uchaga ule una sheria yake, na mimi nimelelewa chini yake. Kitu kilicho juu yake kimeshaoshwa na kinangoja mkaa. Kogo huchoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, akakitia ndani ya kibuyu, akasaga na kusugua kwa sosiot, ile fimbo ya mti yenye ncha iliyopondwa ikawa kama brashi, hadi ukuta wa ndani ung'ae weusi. Ndipo mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, yanapata harufu yake. Naijua sheria hiyo kama ninavyolijua jina langu. Lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa ringi.

Niliporudi na oili, bloku ilikuwa pale pale nilipoiacha. Nikachungulia ndani. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, laini kama kibuyu cha arusi.

Kogo alikuwa anapangusa mikono kwa leso. "Hicho chako kilinisumbua kidogo," akasema, "hakina shingo, na chini ni wazi. Lakini mkaa umeshika vizuri."

Nilikaa chini na chupa ya oili mapajani.

"Kuna nini?" Kogo akauliza.

"Hakuna kitu."

"Tecla."

"Ni ya injini, Kogo."

"Najua ni ya injini, sijapofuka. Umeiweka na vibuyu, nikasema, lakwennyu, mtoto wangu huyu, anataka ifanywe kama vibuyu, labda ndiyo dawa ya ule moshi. Kama hukutaka, mbona hukusema?"

Alisema kweli. Hata nilipokuwa natoka mbio sikuwa nimesema naenda wapi.

Ogada alipofika alicheka hadi chai ikamwagikia magotini. Kisha akaingiza kidole ndani ya bloku, akakitazama, na kicheko kikaisha.

"Huu ni unga," akasema. "Ukibaki hata kidogo utazila ringi, na pikipiki itarudi kutoa moshi kabla ya mwezi kuisha. Na lile duka la Sotik lenye bloku kama hii halitafunguliwa mpaka Jumatatu, jua likiwa juu."

"Nikifuta na petroli?"

"Petroli itausukuma ndani zaidi. Unaona mistari hii?" Akaielekeza bloku kwenye mwanga. Chini ya weusi kulikuwa na mistari myembamba iliyopishana kama wavu. "Hiyo ndiyo inashika oili. Sasa imeshika mkaa."

Akilini niliona mitungi ya maziwa ikifungwa nyuma ya Clifford. Nilijiona nikirudi kwenye mistari ya chai.

Kogo akaweka fimbo yake ukutani.

"Mkaa nimeuweka mimi," akasema. "Ulipoingilia napajua, na utakapotokea napajua. Tecla, teka maji. Ogada, ondoa miguu yako hapo."

Alileta sosiot mpya ambayo haikuwahi kuona mkaa. Akatia maji moto na sabuni, akasugua kwa kuzungusha, kisha kwa kufuata ule mlalo wa mistari, upande huu halafu ule, kama anayechana nywele za mtoto. Mimi nilishika na kumwaga. Yeye hakutazama bloku hata mara moja. Alitazama maji yanayotoka.

"Kibuyu kinaweza kukudanganya," akasema. "Maji hayadanganyi."

Yalitoka meusi. Yakatoka ya kijivu. Sufuria ya pili ya maji ikachemka, na ya tatu. Ogada naye akasahau likizo ya mikono yake, akawa anachochea kuni. Hatimaye maji yakatoka kama yalivyoingia, nikataka kuacha.

"Bado," Kogo akasema. Akavua kitambaa cheupe kichwani, kile anachovaa na akina mama wa kanisa. "Pangusa na hiki."

"Kogo, kesho utavaa nini?"

"Mungu ananijua hata nikiwa kichwa wazi. Pangusa."

Kitambaa kilitoka na doa. Tukaosha tena. Kikatoka na kivuli cha doa, tukaosha tena. Mwishowe nikakivuta polepole, nikakikunjua juani, na Ogada akakisogeza karibu na pua yake kama mtu anayesoma Biblia bila miwani.

"Cheupe," akasema. Akaigeuza bloku kwenye mwanga. "Na mistari yote iko. Mkaa wa mti wenu ni laini, Mama. Haukuikwaruza."

Kabla hajamaliza kusema, vidole vyangu vilikuwa vimeshajaa oili na kuingia ndani ya bloku.

Jumapili baada ya kanisa nilifunga injini. Nikapanga midomo ya ringi kila mmoja utazame kwake, nikailainisha pistoni ikaingia kwenye bloku bila kulazimishwa, nikalinganisha alama za cheni na picha zangu za simu. Nilipoikandamiza kiki ya kuwashia taratibu kwa mkono, ilinisukuma kurudi juu. "Pumzi ipo," Ogada akasema, akavaa koti akaenda zamu. Nilitaka kuiwasha hapo hapo. Kogo alikataa. Spana alikuwa amezifumbia macho, lakini kunguruma siku ya Bwana, majirani wote wakisikia, hapana.

Ndiyo maana mara ya kwanza ya kuiwasha ilikuwa Jumatatu, langoni, mbele ya watu.

Mama Edinah alikuwepo na sweta lake. Mitungi ilikuwa imepangwa kando ya barabara. Clifford alikuja mapema, amechana nywele. Nilikanyaga kiki. Kimya. Nikakanyaga tena, na tena, hadi jasho likaniingia machoni.

"Ipikie uji, dada," Clifford akasema. "Labda ina njaa."

Alianza kuinua mitungi na kuifunga nyuma ya pikipiki yake kwa mipira. Mama Edinah alitazama mawingu. Kogo alinitazama mimi.

Niliinama karibu na injini nikavuta pumzi. Pikipiki ikikanyagwa hivyo bila kuwaka, lazima inuke petroli. Hii haikunuka kitu. Nikafuata mpira wa petroli kwa kidole kutoka kwenye injini kwenda juu, hadi kwenye kikoki chini ya tangi. Kilikuwa kimefungwa. Nilikifunga mwenyewe siku niliyoanza kufungua injini, nisije nikamwaga petroli.

Nikakizungusha. Lakini Clifford alikuwa ameshafunga mtungi wa mwisho, na Mama Edinah alikuwa amefungua mdomo kusema, "Basi."

"Ngojeni!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Kuku walitawanyika. "Clifford, teremsha mitungi. Sijamaliza."

Clifford alisimama na mpira mkononi. "Eh! Kumbe una sauti?"

Nikakanyaga. Ikakohoa. Nikakanyaga tena, ikawaka, ikatoa moshi wa ile oili niliyoipaka, moshi ukapungua, ukaisha, ikabaki inanguruma bila hata uzi wa bluu nyuma yake. Nilishika tangi kwa mikono miwili. Lilikuwa linatetemeka.

Clifford alinusa hewa. "Ni mimi tu, au inanukia mursik?"

"Ni wewe," Kogo akasema. "Umetoka kwenu bila chai."

"Clifford," Mama Edinah akasema, "umesikia. Teremsha."

Aliteremsha. Tena alinisaidia kuifunga kwangu, akanionyesha namna ya kupitisha mpira mara mbili ili mtungi wa nyuma usicheze kwenye mashimo. Si mtu mbaya. Ana mdomo tu.

Nilienda Chepilat polepole, kama Ogada alivyoniamuru, maana injini mpya haikimbizwi. Chai ilikuwa na umande pande zote mbili. Clifford alinipita akipiga honi, mimi nikabaki na mwendo wangu. Kituoni mpokeaji alifungua mtungi mmoja mmoja, akanusa, akapima, akamimina. Hakurudisha hata mmoja. "Wewe ndiye mpya?" akauliza. Nikasema ndiyo, naitwa Tecla, nitakuja kesho.

Nilirudi nyumbani na mitungi mitupu inayogongana. Nikaiosha, nikaipangusa, na kwa kuwa jua lilikuwa zuri nikaipanga yote juu ya uchaga, midomo chini, kando ya vibuyu. Nikapiga hatua mbili, nikageuka.

"Kogo!" nikaita. "Hii ni ya maziwa mabichi! Isitiwe mkaa!"

"Nimesikia," akajibu kutoka jikoni. "Hata Chepilat wamesikia."